Schlechter, bingwa wa sare aliyeponyokwa na sare moja

WENGI katika mchezo wa sataranji hukumbukwa kwa ushindi. Carl Schlechter, aliyezaliwa Vienna, Austria, Machi 2, 1874, hukumbukwa kwa sare.

Mwaka 1893 alipambana na Georg Marco katika michezo 10, na yote ikaisha kwa sare. Sifa hiyo ilimganda maishani, japokuwa haikumtendea haki, kwani ndiye aliyetwaa ubingwa wa mashindano makubwa ya Ostend mwaka 1906 na ya Hamburg mwaka 1910.

Januari 1910 alikabiliana na Mjerumani Emanuel Lasker, bingwa wa dunia tangu mwaka 1894. Pambano lilikuwa la michezo 10, Vienna na kisha Berlin. Minne ya kwanza ilikuwa sare, wa tano Schlechter akashinda, na minne iliyofuata ikawa sare tena. Ukabaki mmoja. Sare, kitu alichokijua kuliko wote, ingemwezesha kushinda pambano. Iwapo ingempa na taji, wanahistoria wanabishana hadi leo, kwani inadaiwa masharti yalimtaka mpinzani wa bingwa ashinde kwa tofauti ya pointi mbili.

Lasker alianza na kete nyeupe. Schlechter akajibu kwa Ulinzi wa Kislavi, ufunguzi ambao askari mmoja mweusi husogea hatua moja tu ili kumwegemeza mwenzake aliye katikati ya ubao. Kisha akasogeza askari wa upande wa mfalme, na kumfungulia tembo wake njia ndefu ya mshazari. Mpangilio huo hadi sasa unaitwa kwa jina lake.

Ajabu ni kwamba siku hiyo hakucheza kwa kujihami. Katika hatua ya 35 aliitoa ngome yake kwa kete hafifu zaidi, akitafuta ushindi. Hatua chache baadaye njia ya sare ilikuwapo, naye hakuiona. Alisalimu amri baada ya hatua 71. Matokeo yakawa 5-5, na Lasker akabaki na taji hadi mwaka 1921.

Vita Kuu ya Kwanza ilileta njaa Vienna, na Schlechter alidhoofika sana. Alifariki dunia kwa homa ya mapafu mjini Budapest, Hungary, Desemba 27, 1918, akiwa na umri wa miaka 44, akazikwa huko huko.