Zélie Martin: Imani katika Nyumba Yenye Misiba



Sisi makatekista tunapowafundisha vijana kabla ya ndoa, huwaeleza kwamba wataahidiana uaminifu hata taabu na magonjwa yakiingia nyumbani. Vijana huitikia upesi, kwa kuwa siku hiyo taabu iko mbali. Lakini ninyi mlioishi pamoja miaka kumi au ishirini mwajua kwamba taabu haipigi hodi. Mtoto huugua jioni, na kabla ya mapambazuko hayupo. Daktari hutamka neno ambalo hakuna aliyetaka kulisikia. Ndipo mara nyingi mume hulia kivyake, na mke hulia kivyake, na nyumba huwa kimya kana kwamba wanaoishi humo ni wageni.

Leo nawaletea maisha ya mama mmoja aliyeolewa, akafanya kazi, akazaa na kuzika. Huyu ni Zélie Martin wa Ufaransa. Huenda jina lake hulijui sana, lakini binti yake unamjua: ni Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, ambaye picha yake akiwa ameshika msalaba na maua ya waridi iko katika nyumba nyingi za Wakatoliki. Tumezoea kumtazama binti. Hebu tumtazame mama.

Msichana aliyekataliwa utawani

Zélie Guérin alizaliwa tarehe 23 Desemba 1831 katika kijiji kilicho karibu na mji wa Alençon. Baba yake alikuwa mwanajeshi, kisha askari polisi. Mama yake alikuwa mkali, na Zélie hakupata utoto wa raha. Alipokua alitamani kuwa sista wa kuhudumia maskini na wagonjwa, lakini mkuu wa watawa alimwambia hiyo siyo njia yake. Lilikuwa pigo kwake. Hata hivyo hakukaa akinung'unika. Alijifunza ufundi uliosifika katika mji huo, yaani kushona lesi, ule urembo mwepesi wa nyuzi unaotiwa kwenye nguo. Akaanzisha kazi yake mwenyewe. Wanawake walishona vipande majumbani mwao, naye akaviunganisha kwa sindano, kazi iliyotaka macho makali na subira nyingi.

Katika mji huohuo aliishi fundi wa saa, Louis Martin, aliyezaliwa mwaka 1823. Yeye pia alitaka utawa akakataliwa, kwa sababu hakujua Kilatini. Walikutana mwaka 1858, na tarehe 13 Julai mwaka huohuo wakafunga ndoa kanisani usiku wa manane.

Wapendwa, sikilizeni jambo hili. Kwa miezi kumi ya kwanza Louis na Zélie waliishi kama kaka na dada. Walidhani kwamba ndiyo njia ya kumpendeza Mungu zaidi. Padre mwungamishi wao ndiye aliyewashauri kuishi kama mume na mke. Walitii, na Mungu akawajalia watoto tisa. Utakatifu wao haukuwa wa kukimbia ndoa, bali waliupata ndani ya ndoa yenyewe: katika kitanda chao, meza yao, kazi yao na malezi ya watoto wao.

Kuweka akiba ya sala

Tazama walivyoishi kabla ya misiba. Zélie na Louis walikwenda Misa ya alfajiri saa kumi na moja na nusu, wakati mji bado umelala. Jioni familia ilisali pamoja. Jumapili Louis alifunga duka lake, ingawa wateja wengi wangekuja siku hiyo. Maskini aliyepita hakuondoka mikono mitupu. Hayo yalikuwa mambo madogo, lakini waliyafanya kila siku. Mkulima hajengi ghala siku njaa inapoingia, hulijenga wakati wa mavuno. Hawa wawili waliweka akiba ya sala wakati wa amani, na siku mbaya zilipofika hawakuwa na haja ya kujifunza upya jinsi ya kupiga magoti.

Miaka ya makaburi

Mwaka 1866 walijaliwa mtoto wa kiume, Joseph. Walikuwa tayari na mabinti wanne, nao walitamani sana mvulana ambaye siku moja angekuwa padre. Mtoto huyo alifariki mwezi Februari 1867, hajafikisha nusu mwaka. Mwezi Desemba akazaliwa mvulana mwingine, naye wakamwita Joseph. Alikufa Agosti 1868. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Septemba, baba yake Zélie, waliyekuwa wakimtunza nyumbani, akafariki pia.

Februari 1870 akafariki Hélène, binti wa miaka mitano, mchangamfu, aliyependwa na wote. Louis alipomwona mwanawe amekufa alilia kwa sauti, akimwita kwa jina. Kisha yeye na mkewe wakamtolea Mungu mtoto wao, pamoja. Ewe mume unayesoma, usipite hapo haraka. Baba huyu hakuona aibu kulia mbele ya mkewe. Wengine wetu tumefundishwa kwamba mwanamume halii, na hivyo tunamwacha mke abebe jeneza peke yake moyoni. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Oktoba mwaka huohuo akafariki mtoto mchanga, Mélanie-Thérèse, hajafikisha miezi miwili. Zélie hakuweza kumnyonyesha, akampeleka kwa mama wa kunyonyesha, kumbe mama huyo hakumlisha vizuri. Walipogundua walimrudisha nyumbani, lakini alikuwa amedhoofika mno. Basi hesabu: watoto wanne katika muda usiofika miaka minne. Januari 1871, wakati wa vita kati ya Ufaransa na Prussia, askari wa adui waliuteka mji, na tisa kati yao wakawekwa katika nyumba yao. Mama ambaye hajamaliza kuomboleza akalazimika kuwalisha wanajeshi wageni.

Wapo waliomwambia Zélie kwamba ingekuwa afadhali kama watoto hao hawangezaliwa kabisa. Hata kwetu maneno ya namna hiyo husemwa matangani, na husemwa na watu wenye nia njema. Zélie hakukubaliana nayo. Aliona kwamba uchungu wake hauwezi kulinganishwa na furaha ya watoto wake mbinguni, na kwamba hakuwapoteza milele. Maisha ni mafupi, atawaona tena. Tena aliwahesabu bado kuwa wa nyumba yake. Wakati Hélène angali hai, aliugua sikio kwa majuma kadhaa, na dawa zikashindwa. Zélie alimwomba Joseph mdogo aliyekuwa amekufa amwombee dada yake kwa Mungu, na sikio likapona.

Je, ninyi mliozika mtoto, jina lake bado linatajwa nyumbani? Au limekuwa jina la kuogopwa, ambalo yeyote akilitaja mwenzake anatoka nje? Imani yetu inafundisha ushirika wa watakatifu. Mtoto yule ni wenu bado.

Hofu haikumwacha

Msidhani kwamba Zélie alikuwa mama asiye na woga. Januari 1873 alizaliwa Teresa, mtoto wa tisa. Miezi miwili baadaye aliugua sana, na mama aliziona dalili zilezile alizoziona kwa wale waliokufa. Alfajiri alikwenda kwa miguu hadi kijiji cha Semallé kumtafuta Rose Taillé, mwanamke aliyemwamini, aje kumnyonyesha. Njiani alikutana na wanaume wawili, akaingiwa na hofu, lakini huzuni iliyokuwa moyoni ilikuwa kubwa kuliko hofu ile. Walipofika nyumbani Rose alimtazama mtoto akatikisa kichwa, kana kwamba safari ilikuwa ya bure. Zélie akapanda chumbani, akapiga magoti mbele ya sanamu ya Mtakatifu Yosefu, akaomba mtoto apone, na akaongeza kwamba mapenzi ya Mungu yatimizwe. Aliposhuka alimkuta mtoto ananyonya. Teresa akapona.

Safari hiyo aliomba akapewa. Lakini kwa wale wengine wanne aliomba pia. Kwa hiyo tusimfundishe mtu kwamba mwenye imani hupewa kila anachoomba. Zélie alikuwa na imani ileile kando ya kitanda cha Hélène na kando ya kitanda cha Teresa.

Mume naye alibeba mzigo

Mwaka 1870 Louis aliuza kazi yake ya saa ili amsaidie mkewe katika biashara ya lesi. Alishika hesabu, akasafiri kutafuta wateja. Fikiria, mwanamume kuacha ufundi wake na kuingia katika kazi iliyojulikana kuwa ya mke wake! Huenda wapo waliomcheka. Lakini alimwona mwenzake amechoka, akaona heshima ya nyumba iko katika kusaidiana.

Ugonjwa wa Zélie

Tangu mwaka 1865 Zélie alikuwa amemweleza ndugu yake, Isidore, habari za uvimbe katika titi. Miaka ikapita bila matibabu ya kufaa. Mwishoni mwa mwaka 1876 maumivu yalizidi, akaenda kwa daktari. Daktari alimwandikia dawa. Zélie akamwuliza itamfaa nini, naye akakiri kwamba haitamfaa kitu, huandikwa tu ili kumpa mgonjwa moyo. Ilikuwa saratani, na muda ulikuwa umepita.

Alirudi nyumbani akaeleza yote. Wote wakalia, hata akajuta kusema waziwazi kiasi kile. Louis alivunjika moyo, akaweka kando hata ndoano zake za kuvulia samaki, alizozipenda sana. Lakini kwa kuwa alijua, aliweza kuwa karibu na mkewe katika miezi iliyobaki.

Dada yake Zélie, aliyekuwa sista, alifariki Februari 1877. Kabla hajafa, Zélie alimwomba amkumbuke mbinguni binti yake Léonie, mtoto mgumu aliyewashinda wote. Baada ya muda mfupi iligunduliwa kwamba mtumishi wa nyumbani alikuwa akimtisha Léonie kwa siri. Mama akamchukua binti awe karibu naye, na yule mtoto akalainika na kumpenda mno. Zélie alikuwa amebakiwa na miezi michache tu, na aliitumia kumrudisha mtoto mmoja.

Juni 1877 alikwenda Lourdes pamoja na mabinti watatu wakubwa. Safari ilimtesa sana. Aliingia katika maji mara kadhaa, lakini hakupona. Louis alishangaa kumwona amerudi na uso wa furaha kana kwamba amepona. Alipakwa mafuta matakatifu mwishoni mwa Agosti, familia ikiwepo, na usiku wa tarehe 28 Agosti 1877 akafariki. Alikuwa na miaka 45. Teresa alikuwa na miaka minne.

Louis alibaki na mabinti watano. Alihamia mji wa Lisieux, akaacha marafiki zake, ili watoto wawe karibu na mjomba wao. Wote watano wakawa watawa. Yeye mwenyewe aliugua ugonjwa wa akili akalazwa hospitali miaka mitatu, akafariki mwaka 1894. Tarehe 18 Oktoba 2015 Papa Fransisko aliwatangaza Louis na Zélie kuwa watakatifu siku moja, mume na mke pamoja. Sikukuu yao ni tarehe 12 Julai.

Tujifunze nini?

Kwanza, salini pamoja sasa, kabla ya dhoruba. Hata kumi moja la Rozari kila jioni ni mwanzo mzuri.

Pili, lieni pamoja. Imani haikatazi machozi. Bwana wetu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro. Kinachoua ndoa ni kila mmoja kujificha na machozi yake.

Tatu, wewe mama ukiona uvimbe au dalili yoyote, usingoje. Siku hizi saratani ikigunduliwa mapema mara nyingi hutibika. Nawe baba, usimwambie tu aende. Mshike mkono mwende naye. Kumtumaini Mungu na kwenda hospitali ni mambo yanayokwenda pamoja.

Nne, katikati ya huzuni yenu kumbukeni watoto waliobaki. Pengine kuna Léonie nyumbani kwenu, anayeteseka kimya huku wakubwa wakiomboleza.

Jioni ya leo, watoto wakishalala, mketi wawili mjadiliane:

1. Ni msiba gani ambao hatujawahi kuuzungumzia sawasawa, mimi na wewe?

2. Ni hofu gani ninayoibeba peke yangu, ambayo wewe huijui?

3. Je, tutamwombea nani kwa jina, kati ya wapendwa wetu waliotutangulia?

Mkimaliza, shikaneni mikono mseme Baba Yetu polepole. Watakatifu Louis na Zélie wawaombee.