Joy Adamson: Mchoraji wa Nyuso na Simba Aliyecheza Ufuoni Kiunga

Kaskazini mwa visiwa vya Lamu, ukishapita Pate, Ndau na Kiwayu, pwani ya bara huendelea hadi Kiunga, kijiji cha Wabajuni kilicho karibu na mpaka wa Somalia. Mbele yake vimetawanyika visiwa vidogo vidogo na miamba ya matumbawe ambayo tangu mwaka 1979 imo katika hifadhi ya bahari. Lamu mjini ni mbali, zaidi ya kilomita 100 kwa njia ya bara. Katika miaka ya 1950 kijiji hicho kilitegemea uvuvi na mifugo michache, na wageni waliokifikia walikuwa wa kuhesabika. Huko ndiko Joy Adamson na mumewe walikomleta simba jike aliyekaribia umri wa mwaka mmoja, wakapiga kambi karibu na maji. Ulimwengu unamkumbuka Joy Adamson kwa kitabu. Hata hivyo, alipofika Kiunga alikuwa bado hajaandika kitabu chochote kuhusu simba. Alikuwa mchoraji, na ni kama mchoraji anavyofaa kutazamwa kwanza.

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 huko Troppau, mji uliokuwa katika himaya ya Austria na Hungaria na ambao leo huitwa Opava, katika Jamhuri ya Cheki. Jina alilopewa na wazazi wake ni Friederike Viktoria Gessner. Alisoma piano mjini Vienna, akajifunza uchongaji wa sanamu, akajaribu mambo mengine asiyoyafikisha mwisho. Mwaka 1935 aliolewa na Viktor von Klarvill, mtu wa asili ya Kiyahudi, na ilipoanza kudhihirika kwamba Unazi ungeifikia Austria, mwanamke huyo alitumwa Afrika ya Mashariki mwaka 1937 kutazama kama wangeweza kuhamia huko. Katika meli alikutana na Peter Bally, Mswisi aliyekuwa mtaalamu wa mimea. Ndoa ya kwanza ikavunjika, na mwaka 1938 akawa mke wa Bally. Ni Bally aliyembandika jina la Joy, na ndilo jina lililodumu.

Ni Bally pia aliyempa kazi. Mtaalamu wa mimea humhitaji mchoraji, kwa sababu ua likikaushwa kati ya karatasi hupoteza rangi na umbo lake la uhai, na picha za kamera za wakati ule hazikuweza kuonyesha kila mshipa wa jani. Joy alianza kumchorea mumewe mimea kwa rangi za maji, ikawa ndiyo shule yake halisi. Alichora mamia ya mimea ya Kenya, na mwaka 1947 Jumuiya ya Kifalme ya Bustani ya Uingereza ilimtunuku medali ya dhahabu. Mafunzo hayo yaliacha alama katika kila alichokichora baadaye. Mchoraji wa mimea hazingatii ua hili au lile. Hutafuta umbo la jumla la aina nzima, ili anayetazama aweze kulitambua ua jingine lolote la aina hiyo. Sifa hii ni njema sana katika uchoraji wa maua. Katika uchoraji wa watu, kama itakavyoonekana, ina kasoro zake.

Mwaka 1944 aliolewa kwa mara ya tatu, na George Adamson, ofisa wa idara ya wanyamapori aliyesimamia nyika za kaskazini akiwa na makao yake Isiolo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimpa Joy kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya: kuwachora watu wa makabila ya Kenya wakiwa katika mavazi na mapambo yao ya jadi, kabla mavazi hayo hayajatoweka. Kwa miaka kadhaa alizunguka nchi nzima, kuanzia Turkana hadi pwani, akiwa na karatasi, rangi na kiti cha kukunja. Matokeo yake ni picha zaidi ya 500, ambazo nyingi zimehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya na baadhi zimewahi kutundikwa Ikulu. Mwaka 1967 sehemu ya kazi hiyo ilitolewa katika kitabu chake *The Peoples of Kenya*.

Thamani ya picha hizo kama kumbukumbu haina ubishi. Msomaji anayetaka kujua shanga zilivyopangwa shingoni, au jinsi kichwa kilivyonyolewa kwa ajili ya jando, atapata humo habari ambazo hazimo katika maandishi. Lakini ni vigumu kuzipitia bila kuuona mkono ule ule uliochora maua. Mtu amekaa mbele ya mchoraji, amepambwa, ametulia, na chini yake mara nyingi limeandikwa kabila lake na daraja lake: mke, shujaa, mzee, kijana wa jando. Jina lake mwenyewe aghalabu halipo. Ikumbukwe pia kwamba sehemu ya kazi hii ilifanyika wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Serikali iliyogharamia kuhifadhiwa kwa sura za Waafrika ndiyo iliyokuwa ikiwafunga Waafrika kwa maelfu kambini. Joy hakuutunga mpango huo wa kikoloni. Alichora alichoombwa kuchora, tena kwa bidii isiyo ya kawaida. Hata hivyo, picha ya sura isiyo na jina ni nusu ya picha.

Kisha akaja mnyama aliyekuwa na jina tangu siku ya kwanza. Tarehe 1 Februari 1956 George alimpiga risasi simba jike aliyemrukia, na baadaye akagundua kwamba mnyama huyo alikuwa akiwalinda watoto watatu waliofichwa katika ufa wa mwamba. Watoto hao walipelekwa Isiolo na kulishwa maziwa. Wawili walipokua walisafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Mdogo kuliko wote, aliyeitwa Elsa, akabaki. Alilelewa nyumbani kama mbwa anavyolelewa na Wazungu: alifuata watu matembezini, alilala vitandani, alipanda juu ya gari, alivizia wenye nyumba nyuma ya vichaka na kuwaangusha kwa mzaha. Nuru, aliyekuwa mtunza bustani, alipewa kazi ya kumchunga, na Makedde, askari wa wanyamapori, alifuatana naye porini akiwa na bunduki.

Safari ya Kiunga ilifanyika katika kipindi hicho cha utoto wake. Mnyama aliyezaliwa katika nchi kavu ya mawe aliwekwa mbele ya Bahari ya Hindi. Mwanzoni aliogopa mawimbi. Maji kujaa na kupwa yalikuwa jambo ambalo silika yake haikumwandalia. Kisha akazoea, na baada ya kuzoea hakutaka kutoka majini. Alichimba mashimo mchangani. Alivuta mwani akashindana na watu kuung'ang'ania. Alirukia nazi iliyofungwa kwenye kamba. Kaa walimsumbua kuliko yote: aliwanyatia kwa utaratibu wa mwindaji, nao wakamkwepa upande upande na kumbana pua. Huenda hakuna sehemu nyingine ya maisha ya Elsa iliyosimuliwa kwa furaha kama siku hizo za ufuoni, na aliyeziandika alikuwa na jicho la mchoraji, linaloona jinsi mwili unavyojikunja kabla ya kuruka.

Yafaa kufikiria jinsi mandhari hiyo ilivyoonekana kutoka upande wa kijiji. Wavuvi wa Kiunga walikuwa na kesi yao ya siku nyingi na simba, kwa kuwa simba wa msitu wa jirani walikula mifugo yao. Kwao simba hakuwa kiumbe cha kuchezewa nazi. Wala kumlea mnyama mla nyama ndani ya hema hakukuwa jambo jepesi kulielewa katika jamii ya Kiislamu ambamo hata mbwa huwekwa nje ya nyumba, na ambamo mnyama wa karibu na mtu ni punda katika kazi na paka katika nyumba.

Tena ilikuwa jamii iliyokuwa na mazoea yake kuhusu usawiri wa viumbe. Sanaa ya macho ya visiwa vya Lamu ni tajiri mno: zidaka za chokaa katika nyumba za karne ya 18, milango ya kuchongwa, siwa ya pembe ya Pate na ile ya shaba ya Lamu. Katika hizo mna majani, maua, mafundo na maandishi, lakini sura ya mtu au mnyama ni nadra sana. Mtepe, jahazi la kushonwa la pwani hiyo hiyo, ulichorwa jicho gubetini, lakini ni jicho pekee, bila uso wa kulibeba. Viumbe wenye uhai walisawiriwa kwa maneno, katika utenzi na shairi. Kwa hiyo mwanamke mwenye penseli na simba wake walikuwa wageni mara mbili katika ufuo ule.

Hapa ndipo swali la kisanaa linapojitokeza. Mtu aliyeombwa kukaa atakaa. Ua halina hiari. Mnyama mchezaji hakai. Na akikaa, si mchezaji tena. Joy alimchora Elsa, na baadaye akawachora watoto wake na wanyama wengine aliowalea. Mistari ya michoro hiyo ni myepesi na ya hakika, na anatomia yake haina kosa kubwa. Lakini mchoro wa aina hiyo hupatikana zaidi wakati mnyama amejinyoosha kivulini adhuhuri, na simba aliyelala hufanana na simba wengine wote waliolala. Mchezo, ambao ndio uliomtofautisha Elsa na simba wengine, uliiponyoka penseli. Kamera iliunasa kwa sehemu, ndiyo maana picha nyingi zilizomtambulisha duniani ni za kamera. Kilichobaki kikachukuliwa na nathari.

Mtazamo mmoja unaweza kudai kwamba Joy Adamson aliacha uchoraji akahamia uandishi. Ushahidi wa kazi zake hauliungi mkono dai hilo. *Born Free*, kitabu kilichotoka mwaka 1960, ni picha ya sura iliyochorwa kwa maneno kwa sababu mwenye sura alikataa kutulia. Hakina msuko wa kusisimua sana; muundo wake ni mfululizo wa mikao: Elsa na kaa, Elsa na punda, Elsa na tembo, Elsa mtoni. Kila mkao unaongeza mstari mmoja katika uso ule ule, hadi msomaji anaamini kwamba angemtambua simba huyu kati ya simba 100. Kitabu kilitafsiriwa katika lugha nyingi, na filamu iliyotengenezwa Kenya ikatolewa mwaka 1966. Mapato yalielekezwa kwa kiasi kikubwa katika mfuko wa uhifadhi uliopewa jina la Elsa, na hifadhi kadhaa za Kenya zilinufaika.

Basi tofauti inabaki wazi kwa anayeziweka kazi hizi sambamba. Simba mmoja alipata jina, tabia, maradhi, mapenzi na kaburi lenye maandishi. Watu zaidi ya 500 walipata mavazi yaliyochorwa kwa uaminifu. Wavuvi wa Kiunga, waliokuwa hatua chache kutoka kwenye hema, hutajwa kwa jumla yao. Nuru na Makedde wana bahati zaidi, kwa kuwa wamo kitabuni kwa majina, ingawa kila mmoja ana jina moja tu. Walioandika maisha ya Joy wanakubaliana kwamba alikuwa mkali kwa wafanyakazi wake, mgumu kwa mumewe, na mpole bila kipimo kwa wanyama. Haiyumkiniki kutenganisha tabia hiyo na picha alizochora, ingawa pia si haki kuzihukumu picha zote kwa tabia hiyo. Nyuso kadhaa katika mkusanyo wa Nairobi, hasa za wazee, zinamtazama mchoraji kwa macho yanayoonyesha kwamba aliyekaa alikuwa na lake la kusema, naye mchoraji hakulifuta.

Elsa alifunzwa kuwinda na kurudishwa porini Meru mwaka 1958. Mwezi Desemba 1959 alizaa watoto watatu kutokana na simba wa mwitu, na tarehe 24 Januari 1961 akafa kwa ugonjwa unaoenezwa na kupe. Alizikwa kando ya Mto Ura. Joy aliendelea na Pippa, duma aliyekufa mwaka 1969, na baadaye Penny, chui. George alikwenda kuishi na simba wake Kora, na wawili hao wakawa wanaonana kwa nadra. Nyumba ya Joy kando ya Ziwa Naivasha, Elsamere, imekuwa mahali pa ukumbusho wake.

Tarehe 3 Januari 1980 alikutwa amekufa karibu na kambi yake katika hifadhi ya Shaba, akiwa amebakiza siku chache kutimiza miaka 70. Habari za kwanza zilizotolewa duniani zilisema ameuawa na simba. Uchunguzi ulionyesha kwamba majeraha yalikuwa ya silaha, na aliyekuwa mfanyakazi wake akashtakiwa na kuhukumiwa kwa mauaji hayo. George naye aliuawa na majambazi huko Kora tarehe 20 Agosti 1989. Majivu ya Joy yaligawanywa na kuwekwa Meru, sehemu katika kaburi la Pippa na sehemu katika kaburi la Elsa.