Makhan Singh, Mtetezi wa Wafanyakazi

Hapa Muganza, penye kiwanda cha saruji na mashamba ya mpunga ya bonde la Bugarama, sisi tunaovaa sare tunaishi miongoni mwa wafanyakazi. Yatupasa basi kujua jinsi ugomvi wa mshahara unavyoweza kugeuka kuwa kazi ya askari. Maisha ya marehemu Makhan Singh wa Kenya yanalionyesha jambo hilo waziwazi.

Alizaliwa tarehe 27 Desemba 1913 katika kijiji cha Gharjakh, Punjab, akafika Nairobi mwaka 1927. Baba yake, Sudh Singh, alikuwa na kiwanda cha kupiga chapa, na kijana alifanya kazi humo. Mwaka 1935 akawa katibu wa chama cha wafanyakazi kilichofungua mlango kwa watu wa rangi zote. Hilo liliugusa ukoloni mahali penye kidonda, kwani utawala ule ulisimama juu ya kuwatenga Mzungu, Mhindi na Mwafrika, kila mmoja na mshahara wake. Mwaka 1937 chama kiligoma mjini Nairobi kwa siku 62, na waajiri wakakubali kuongeza mishahara.

Alipokwenda India, Waingereza walimkamata mwaka 1940, wala hakuwa huru tena mpaka Januari 1945. Alirejea Kenya mwaka 1947 huku serikali ikitafuta njia ya kumfukuza nchini.

Tarehe 1 Mei 1949 yeye na Fred Kubai waliunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Afrika Mashariki, Kubai akiwa rais na Singh katibu mkuu. Serikali ilikataa kuliandikisha. Tarehe 23 Aprili 1950, mkutanoni Kaloleni, Singh alidai uhuru kamili. Tarehe 15 Mei wote wawili walikamatwa, na kesho yake Nairobi ikagoma. Polisi walitumwa na mabomu ya machozi na magari ya deraya kuwakabili watu waliokuwa wakidai, pamoja na mengine, viongozi wao waachiliwe na mshahara wa kima cha chini uongezwe.

Singh alipelekwa Lokitaung, jangwani kaskazini, kisha Maralal na Dol Dol. Alikaa kizuizini miaka kumi na moja na zaidi, hadi tarehe 22 Oktoba 1961. Kenya ilipopata uhuru hakupewa cheo kikubwa. Aliandika historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya, iliyochapishwa mwaka 1969, akafariki Nairobi tarehe 18 Mei 1973.

Tunajifunza nini? Serikali ile ilipokataa kukiandikisha chama na kuwafunga viongozi wake, haikubaki na mtu wa kuketi naye mezani. Ilibaki na umati barabarani, na askari, ambaye naye ni mtoto wa mfanyakazi, akaamriwa kuukabili. Penye chama halali na mazungumzo ya kweli, askari huyo hulinda amani bila kumwinulia rungu ndugu yake.