Mwalimu Nyerere na Roma ya Kale: Maisha ya Mfasiri wa Juliasi Kaizari

1.0 Utangulizi

Maisha ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere yameandikwa sana na wanahistoria na wanasiasa. Kazi yake ya kufasiri tamthilia hutajwa humo kwa sentensi moja au mbili, kana kwamba ilikuwa burudani ya kiongozi aliyechoka. Makala haya yanashikilia kwamba tafsiri ya Juliasi Kaizari, tanzia ya Shakespeare kuhusu Roma ya kale, ni sehemu ya kiini cha maisha hayo. Swali la tanzia hiyo, yaani nia njema inahalalisha matumizi ya nguvu kwa kiasi gani, lilimrudia mfasiri mwenyewe. Mkoa wa Singida utatupatia mifano, kwanza ya lugha, kisha ya utawala.

2.0 Makuzi na Elimu

Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kizanaki. Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akaingia Tabora mwaka 1937, kisha Makerere mwaka 1943. Baada ya kufundisha Tabora alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, alikosoma kuanzia 1949 hadi 1952. Aliporejea alifundisha Pugu. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 chini ya uongozi wake, na mwaka uliofuata aliacha ualimu.

3.0 Tafsiri na Hoja ya Lugha

Chapa ya kwanza ya tafsiri ilitoka mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar. Chapa iliyosahihishwa ilitoka mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Badiliko hilo la jina linastahili kuangaliwa kiisimu. Juliasi limefuata matamshi ya Kiingereza, likaongezwa irabu ili silabi ya mwisho iwe wazi. Kaizari, kwa upande wake, limekikwepa Kiingereza na kukaribia Kaisari, jina ambalo wasomaji wa Biblia ya Kiswahili walikuwa wamekwisha kulizoea.

Ugumu mkubwa zaidi ulikuwa wa kiarudhi. Mstari wa tanzia hizi kwa Kiingereza hauna vina. Huongozwa na mpishano wa silabi zenye mkazo na zisizo na mkazo, na aghalabu hukomea kwenye silabi yenye mkazo. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mwendo huo hauwezi kuhamishwa ulivyo. Mwalimu alidumisha umbo la mistari akaacha vina, wakati ambapo ushairi wa Kiswahili ulipimwa kwa vina na mizani. Hakufanya hivyo kwa kutojua kanuni, kwani tenzi zake za Injili na Matendo ya Mitume, zilizochapishwa mwaka 1996, zinafuata bahari ya utenzi.

Wapo wanaoona tafsiri kuwa kazi ya daraja la pili. Ikumbukwe kwamba Shakespeare naye aliitegemea tafsiri. Plutarch aliandika kwa Kigiriki. Amyot akamfasiri kwa Kifaransa. North akakifasiri Kifaransa hicho kwa Kiingereza mwaka 1579. Na tamthilia ikatungwa takriban mwaka 1599. Kiswahili kilikuwa kituo kimoja zaidi katika safari hiyo. Kwa mkoa wa Singida jambo hili lina uzito wake. Huko, wasemaji wa Kinyaturu, Kinyiramba na Kigogo hukutana darasani na wasemaji wa Kibarbaig, ambacho si lugha ya Kibantu. Wengi wao, kama kijana yule wa Kizanaki, huipokea Roma kwa lugha ya pili iliyokwisha kuwa yao.

4.0 Swali la Brutus

Brutus anamuua Kaizari, rafiki yake, kwa ajili ya jamhuri. Jamhuri hairudi, na vita vinafuata. Umma wa Roma hauulizwi, huhutubiwa.

Mfasiri wa maneno hayo alikuwa mtawala. Sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kesi ilipitishwa mwaka 1962, na mfumo wa chama kimoja ukawekwa kisheria mwaka 1965. Januari 1964 maasi ya wanajeshi yalimlazimu kujificha. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilifuatwa na sera ya vijiji vya ujamaa, iliyokusudiwa kuwa ya hiari; Novemba 1973 kuishi vijijini kukawa amri. Wanyaturu, waliozoea kaya zilizotawanyika karibu na mashamba na mazizi yao, walikuwa miongoni mwa walioguswa. Nia ilikuwa shule, maji na zahanati. Njia ilikuwa shuruti. Kumsifu Mwalimu kwa nia pekee ni kumsoma Brutus nusu.

Hata hivyo, haki inadai upande wa pili utajwe. Kaizari hakuondoka madarakani ila kwa majambia. Nyerere aliacha uwaziri mkuu Januari 1962, na mwaka 1985 akang'atuka urais kwa hiari.

5.0 Hitimisho

Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Tunapendekeza kwamba Juliasi Kaizari isomwe sambamba na historia ya miaka ya 1962 hadi 1985, na kwamba wanafunzi wa uzamili wakusanye kumbukumbu za wazee waliohamishwa katika mikoa kama Singida wakati bado wapo wa kusimulia. Hao ndio umma ambao katika tanzia hawakuulizwa.