Plowright: Aliyeitokomeza sotoka, akagonga mwamba kwa nguruwe

WAFUGAJI wa nguruwe wa Bungoma na Kitale hawahitaji kuelezwa maana ya homa ya nguruwe ya Afrika. Ikibisha hodi bomani, banda hubaki tupu baada ya siku chache, na mfugaji hana tiba ya kununua. Wachache wao, hata hivyo, wamelisikia jina la Walter Plowright, daktari wa mifugo aliyeupambanua ugonjwa huo akiwa hapa nchini.

Alizaliwa Julai 20, 1923, Holbeach, mashariki mwa Uingereza, akahitimu udaktari wa mifugo jijini London mwaka 1944. Baada ya kutumikia jeshi alijiunga na idara ya mifugo ya serikali ya kikoloni mwaka 1950, akafanya kazi Kenya na Nigeria. Mwaka 1956 alihamia Muguga, karibu na Nairobi, kwenye kituo cha utafiti wa mifugo cha Afrika Mashariki.

Hapo ndipo alipojipatia jina. Sotoka ilikuwa ikifyeka ng'ombe, na chanjo za wakati huo, zilizotokana na virusi vilivyopitishwa kwa mbuzi na sungura, ziliwadhuru ng'ombe wa aina fulani. Plowright na mwenzake R. D. Ferris walivikuza virusi katika seli za figo za ndama, wakavihamisha chupa hadi chupa mara zipatazo 90, vikapoteza makali bila kupoteza uwezo wa kuamsha kinga. Walibuni pia kipimo cha kingamwili: maji ya damu ya ng'ombe huchanganywa na virusi, na vikishindwa kuziharibu seli, mnyama huyo ana kinga.

Nguruwe walimpa mtihani mwingine. Homa yao ilikuwa imeelezwa na R. Eustace Montgomery mwaka 1921, kutokana na vifo alivyoanza kuvichunguza Kenya mwaka 1910. Hapa mbinu ya sotoka haikufua dafu. Kingamwili huonekana katika damu ya nguruwe, lakini hazivizimi virusi ipasavyo. Na wanyama wengi hufa kabla hata hazijajitokeza.

Basi Plowright akageukia mashimo ya ngiri kule Serengeti. Mwaka 1969 yeye na wenzake walitangaza kwamba virusi huishi ndani ya papasi, wadudu wale wale wanaowanyonya watu damu usiku katika nyumba za udongo. Ngiri huambukizwa angali mchanga, wala haugui. Ugunduzi huu, kwa maoni yetu, unastahili sifa sawa na chanjo yake, ingawa hautajwi sana.

Vipimo vya kingamwili vya zamani viliandaliwa kwa virusi hai, jambo lililohitaji maabara zenye ulinzi mkali, kwani virusi vikiponyoka ni msiba kwa wafugaji wa jirani. Siku hizi hutumika protini za virusi, kama p30 na p54, zinazotengenezwa bila virusi vyenyewe. Kipimo cha aina hiyo humfichua nguruwe aliyepona, yule anayenunuliwa Kitale akionekana mzima na kupelekwa Bungoma kuanzisha zizi jipya.

Mwaka 1971 Plowright alikabidhiwa uprofesa katika chuo alichosomea. Alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1999 na kufariki Februari 19, 2010, mwaka mmoja kabla ya kutangazwa kwamba sotoka imetokomezwa ulimwenguni. Homa ya nguruwe ilikuwa imeingia Georgia mwaka 2007. Ilifika China mwaka 2018.