Mwalimu Nyerere na mbio za kompyuta zilizoipita Tanzania

Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana mjini Musoma na kutoa uamuzi uliokuja kujulikana kama Azimio la Musoma. Lengo la kumpatia kila mtoto elimu ya msingi, ambalo awali lilipangwa kufikiwa mwaka 1989, lilisogezwa mbele hadi mwaka 1977. Mwaka huo huo wa 1974, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake nchini, pamoja na televisheni.

Mlango mmoja ulifunguliwa na mwingine ukafungwa, na aliyekuwa madarakani ni mtu mmoja, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Uamuzi wa kwanza unatajwa mara kwa mara. Wa pili umesahaulika, ingawa una mengi ya kumfundisha mkulima na mfanyabiashara wa leo anayefikiria kununua mashine.

Mwalimu alizaliwa Aprili 13, 1922, katika kijiji cha Butiama, akiwa mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki na Mugaya wa Nyang'ombe. Utoto wake ulikuwa wa kuchunga mifugo. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, alianza shule ya Mwisenge mjini Musoma. Kutoka hapo alikwenda Tabora, kisha Makerere, na mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, ambako alipata shahada mwaka 1952. Mwaka uliofuata alianza kufundisha Pugu. TANU iliundwa mwaka 1954 akiwa mwenyekiti wake, uhuru ukapatikana mwaka 1961.

Kwa mtu wa Mara, suala la kuchagua zana halikuwa geni. Mkoa huo una ng'ombe wengi, na plau la kukokotwa na maksai limelima mashamba ya Wazanaki, Wajita na Wakurya kwa muda mrefu. Jembe la ng'ombe likivunjika, fundi wa kijijini analitengeneza. Trekta likiharibika, linahitaji kipuri kutoka ng'ambo, na kipuri hicho kinahitaji fedha za kigeni.

Taifa lilijifunza hilo kwa gharama. Mpango wa makazi mapya ya wakulima ulioanza mwaka 1963 ulitegemea mitaji mikubwa na mitambo, na mwaka 1966 serikali iliuacha. Baada ya hapo Mwalimu alisisitiza kwamba mkulima wa jembe la mkono apande ngazi moja kwanza, yaani atumie plau la ng'ombe, kabla ya kuota trekta. Hakuwa anachukia mashine. Hoja yake ilikuwa kwamba mashine isiyo na fundi ni mzigo kwa mwenye nayo.

Kompyuta ya kwanza ilifika nchini mwaka 1965 na kufungwa Wizara ya Fedha. Ilitoka kwa kampuni ya Uingereza ya ICT, ambayo mwaka 1968 iliunganishwa na nyingine kuwa ICL. Kazi yake ilikuwa mahesabu ya serikali. Hata hivyo, wataalamu walitegemewa kutoka nje na vipuri pia. Mahesabu yalivurugika, serikali ikapata hasara, na hatimaye kazi ikarudishwa kwenye kalamu na leja.

Kisha zikaja shida za uchumi. Bei ya mafuta duniani ilipanda ghafla kuanzia mwishoni mwa mwaka 1973, ukame ukapunguza mavuno, na nchi ikalazimika kutumia akiba yake ya fedha za kigeni kununua chakula. Katika hali hiyo, kuzuia kompyuta kulikuwa na mantiki ile ile ya plau na trekta.

Ila mashine yenyewe ilikuwa karibu kubadilika. Mwaka 1977, miaka mitatu tu baada ya marufuku, kompyuta ndogo za kutumiwa na mtu mmoja zilianza kuuzwa Marekani. Apple II, Commodore PET na TRS-80 zote zilitoka mwaka huo. IBM iliingia sokoni mwaka 1981, na Apple ikajibu kwa Macintosh mwaka 1984. Nchini Uingereza kulikuwa na BBC Micro na Sinclair Spectrum.

Kila aina ilikuwa na wafuasi wake, wenye vyama vyao na magazeti yao, na walitambiana kama mashabiki wa Simba na Yanga. Ushabiki huo ulikuwa na sababu ya kiuchumi. Programu iliyoandikwa kwa Apple haikufanya kazi kwenye Commodore, kama ambavyo kipuri cha trekta la kampuni moja hakiingii kwenye la kampuni nyingine. Aliyenunua aina yenye watumiaji wengi alipata programu nyingi, mafundi wengi na majirani wa kuwauliza. Aliyenunua aina iliyoshindwa alibaki na chombo kisicho na vipuri.

IBM ilitumia vipuri vya kampuni nyingine, na Microsoft, iliyotoa programu ya kuendesha mashine hiyo, ilibaki na haki ya kuwauzia wengine. Kampuni nyingi zikatengeneza kompyuta zinazofanana na ya IBM na bei ikashuka. Apple ilibaki na yake peke yake.

Tanzania haikuwa uwanjani. Katika miaka hiyo pamba ya Bunda ilipimwa kwenye mizani na kuandikwa kwa mkono kwenye stakabadhi na madaftari. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na sheria ya kuvirudisha ikapitishwa mwaka 1982. Ni kweli kwamba kompyuta isingetibu matatizo ya namna hiyo. Lakini kijana wa Musoma aliyemaliza shule mwaka 1982 hakuwa na mahali pa kuigusa, wakati wenzake wa nje walikuwa wakijifunza kuifungua, kuitengeneza na kuiandikia programu.

Masharti yalilegezwa hatua kwa hatua katika miaka ya 1980. Kompyuta zilipoanza kuingia kwa wingi, mshindi alikwishapatikana. Ndiyo sababu anayeingia katika duka la steshenari mjini Bunda au Musoma kwa kawaida atakuta mashine inayotumia programu ya Microsoft.

Mwalimu aling'atuka urais mwaka 1985 na kurudi Butiama, ambako alilima shamba lake. Hata hivyo, kazi haikuisha. Kuanzia mwaka 1987 hadi 1990 aliongoza Tume ya Kusini, yenye makao Geneva, iliyochunguza matatizo ya nchi zinazoendelea. Ripoti yake ya mwaka 1990 ilisisitiza kwamba nchi hizo haziwezi kujikomboa bila kumiliki sayansi na teknolojia. Kiongozi ambaye serikali yake ilifunga mlango wa kompyuta alikuwa sasa mwenyekiti wa tume iliyotaka maarifa ya aina hiyo yatafutwe kwa bidii. Alifariki dunia London, Oktoba 14, 1999, na kuzikwa Butiama.

Kiuchumi, uamuzi wa 1974 unapaswa kupimwa kwa gharama mbili. Ya kwanza ni bei ya mashine, na hapo serikali ilikuwa sahihi: nchi iliyopungukiwa chakula haikuwa na sababu ya kununua mtambo usio na fundi. Ya pili ni gharama ya kutojifunza, ambayo haionekani kwenye leja yoyote. Marufuku iliokoa fedha za mwaka 1974, lakini ilipoendelea hadi kompyuta ikawa kitu cha kuwekwa mezani, nchi ilikosa miaka ya mazoezi. Pengine kompyuta chache katika vyuo, kwa ajili ya kufundishia mafundi, zingetosha.

Leo ubishi umehamia kwenye simu, kati ya wenye iPhone na wenye Android, na kwenye matrekta madogo yanayouzwa kwa majina mengi. Mkulima wa Bunda anayetaka kununua asianze na jina. Aulize kwanza fundi yuko wapi, kipuri kinapatikana Musoma au mpaka Mwanza, na majirani wangapi wanayo. Kisha amtume kijana wake akajifunze kuitengeneza.