Handel, Mgeni wa London

Kwaya zetu nyingi zimeuimba wimbo wa Haleluya wakati wa Krismasi au Pasaka. Mtunzi wake, George Frideric Handel, aliutunga akiwa Uingereza, nao Waingereza humhesabu kuwa mtu wao. Lakini alifika kwao akiwa mgeni, na ilimchukua karibu miaka thelathini ya ugenini kuipata sauti yake mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 23 Februari 1685 katika mji wa Halle, Ujerumani. Baba yake, aliyekuwa kinyozi na mpasuaji, alitaka mwanawe asome sheria. Mtoto alipenda muziki, na mwisho akaruhusiwa kufundishwa na Bwana Zachow, mpiga kinanda wa kanisa la Kilutheri. Kwake alijifunza kuzipatanisha sauti nyingi katika wimbo mmoja. Mwaka 1706 alikwenda Italia, akajifunza kutunga nyimbo laini za mwimbaji mmoja. Mwishoni mwa mwaka 1710 akafika London, kijana wa miaka 25.

Wakubwa wa London walipenda opera, yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa, tena kwa Kiitalia. Handel akawapa walichokitaka, na opera yake Rinaldo ya mwaka 1711 ikampatia sifa. Mwaka 1727 alipewa uraia, akatunga pia wimbo wa Kuhani Sadoki kwa kutawazwa kwake Mfalme George wa Pili. Wimbo huo ulisikika tena alipotawazwa Mfalme Charles wa Tatu mwaka 2023.

Hata hivyo, kazi yake kubwa ilikuwa ya Mjerumani kuwaimbisha Waingereza Kiitalia, lugha ambayo wengi wao hawakuielewa. Mwaka 1728 watu walimiminika kutazama mchezo wa The Beggar's Opera, ulioimbwa kwa Kiingereza. Mwaka 1733 ikaanzishwa kampuni ya kushindana naye. Wasikilizaji wakapungua, fedha zikapotea, na mwaka 1737 mkono wake wa kuume ukapooza. Alikwenda Aachen kuoga katika chemchemi za maji ya moto, akapata nafuu.

Ndipo alipozidi kuishika kazi aliyokwisha kuijaribu kidogo, yaani oratorio: habari, mara nyingi ya Biblia, iimbwayo kwa Kiingereza na kwaya pamoja na waimbaji wa pekee, bila kuigiza. Mwaka 1739 alitoa Sauli na Israeli katika Misri. Hapo yote aliyoyabeba yakakutana: ufundi wa Halle, ulaini wa Italia, na uimbaji wa kwaya za Kanisa la Uingereza. Hakuitupa asili yake, wala hakuing'ang'ania hata akashindwa kusema na wenyeji.

Mwaka 1741 Charles Jennens alimpa maneno aliyoyachagua katika Biblia na katika Zaburi za Kitabu cha Sala. Handel alianza kutunga tarehe 22 Agosti, akamaliza tarehe 14 Septemba. Hiyo ndiyo Masihi, yenye Haleluya ndani yake. Iliimbwa kwanza Dublin, tarehe 13 Aprili 1742. Mapato yalisaidia hospitali mbili na wafungwa wa madeni, na watu 142 wakafunguliwa. London wengine walinung'unika kwamba Neno la Mungu linaimbwa katika nyumba ya michezo. Lakini tangu mwaka 1750 iliimbwa humo mjini mwaka hata mwaka kwa ajili ya Foundling Hospital, makao ya watoto waliotupwa, nao watu wakaipenda.

Hatumfanyi kuwa malaika. Mwaka 1720 alikuwa na hisa katika Royal African Company, kampuni ya Waingereza iliyokuwa imewauza Waafrika wengi utumwani. Sisi wa Afrika hatuwezi kulipita jambo hili kimya. Mtu ambaye nyimbo zake ziliwafungua wafungwa wa Dublin aliwahi kuweka fedha zake penye minyororo ya ndugu zetu. Kipawa hutoka kwa Mungu, lakini mwenye kipawa ni mwenye dhambi kama sisi.

Tangu mwaka 1751 macho yake yalififia, hata akawa kipofu. Lakini aliendelea kupiga kinanda mbele ya watu. Alifariki tarehe 14 Aprili 1759, Jumamosi Kuu, siku moja kabla ya Pasaka, akazikwa Westminster Abbey.

Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Katika mitaa yetu wamo waliohamia kutoka mbali, nao wamekuja na nyimbo za kwao. Tusiwalazimishe kuimba kama sisi tu, nao wasione haya kujifunza yetu. Tukiwapa nafasi na muda, huenda Bwana akatupatia kwa vinywa vyao sifa ambayo hatujapata kuisikia.